Mshubiri wa Nyuma ya Nyumba

Asubuhi Kasmiri aliionja shubiri kwenye titi la mama yake, akakunja uso, akatema, akalia mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Mchana akarudi akanyonya kana kwamba hakuna kilichotokea, akamaliza, akalamba midomo.

Dorotea aliliona jambo hilo, akaliacha lipite. Mwanamke mwenye mimba changa, mtoto wa kubeba, na mume aliyeko Bunda msimu mzima wa pamba hana nafasi ya kushangaa kila kitu. Alijiambia kwamba mtoto ana njaa, na mwenye njaa hachagui.

Mwaka ule hata watu wazima hawakuchagua. Ilikuwa baada ya vita, sukari ni ya foleni, sabuni ni ya kujuana, na pale zahanati nesi alikuwa na kila kitu isipokuwa dawa. Alimpima Kasmiri, akamgusa Dorotea tumboni, akatikisa kichwa.

"Mama, una mimba na bado huyu unamnyonyesha? Tazama mbavu. Mwachishe haraka, ukichelewa utamzika."

Hakuwa na ubaya, maneno hayo alikuwa ameshayasema kwa wengi siku hiyo. Lakini Kasmiri ndiye aliyekuwa mtoto pekee wa Dorotea, na neno hilo la kuzika alirudi nalo nyumbani Bweri likiwa limemkaa kooni.

Jirani yake, Wankyo, mwanamke wa mdomo mwepesi na moyo mzuri, alimcheka kidogo alipomsimulia. Wankyo aliiamini shubiri kuliko alivyoiamini redio. Kuku wake wakikohoa, alikatia jani kwenye maji yao. Mtoto akiungua na uji, alipasua jani akampaka ule ute wa ndani. Kwa minyoo, kwa homa, kwa tumbo lililofunga, alichemsha shubiri na kukunywesha akiwa amekushika kichwa, nawe ulitetemeka kwa uchungu mpaka homa yenyewe ikaona aibu ikaondoka.

"Na kuachisha mtoto ndo kazi yake hasa," alisema. "Unapakaa tu. Mimi wangu wote niliwaachishaga hivyo. Unatafuta nini zaidi, na unayo hapo nyuma ya nyumba yako?"

Ni kweli alikuwa nayo. Mwisho wa kiwanja, pale vichaka vilipoanza, palikuwa na mishubiri iliyobanana, imezungukwa na mawe madogo yaliyozama nusu ardhini. Masatu, mumewe, aliuziwa kiwanja hicho na familia iliyohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa ikaishia upande wa Guta. Mahindi yalikauka, mihogo ikasinyaa, lakini mishubiri ile ilinenepa bila kuomba maji. Dorotea alikata majani mawili, utomvu wa manjano ukamchuruzika mpaka kiwikoni. Kisha akaona ni usumbufu kutembea mpaka kule kila mara. Akaung'oa ule mche mkubwa wa katikati, akaupanda karibu na mlango wa jiko.

Mche ulitoka kirahisi. Udongo wa chini yake ulikuwa laini na wenye unyevu, katika mwaka ambao jembe liligonga ardhi likarudi.

Siku ya pili alipaka nzito zaidi. Kasmiri alipoiona ile rangi tu alikimbia, akaenda kucheza na watoto wa Wankyo. Dorotea alisikia uchungu mdogo wa mama anayekataliwa, na nafuu kubwa juu yake. Jua lilipopanda katikati akajilaza chumbani, nyuma ya pazia la kitenge, maana mimba hii ilikuwa ya usingizi.

Alikuwa kati ya kulala na kuamka pazia liliposogea. Mtoto alipanda kitandani, akajisukuma mpaka kifuani, akanyonya. Alikuwa mzito kuliko asubuhi. Alinukia udongo uliotoka kunyeshewa, na Dorotea akafikiri kwa uvivu kwamba itabidi amwogeshe, na kwamba mvua haijanyesha. Kisha vidole vidogo vikapanda shavuni mwake, vikalishika sikio lake la kushoto kwenye ndewe, vikaanza kulivuta polepole.

Kasmiri alikuwa na mazoea yake, kama watoto wote. Akinyonya alizungusha kifungo cha blauzi ya mama yake. Sikio hakuwahi kuligusa.

Jioni alimpakata akamuuliza kwa upole.

"Titi vipi, baba?"

"Chungu."

"Mbona mchana umenyonya?"

"Si mimi," alisema Kasmiri, akarudi kwenye gari lake la kopo.

Mtoto wa umri ule husema chochote, na Dorotea alijishika kwenye wazo hilo kwa nguvu zote. Lakini kesho yake, jua lilipofika utosini, alilala na macho wazi, ameupa mlango mgongo. Pazia likasogea. Kitanda kikabonyea. Ule uzito ukampanda ubavuni ukashuka mbele yake, mdomo ukatafuta, ukapata, na huko nje, upande wa pili wa ukuta, akamsikia Wankyo akisema kwa sauti yake ya utani, "Mama Kasmiri, huyu mwanao kamaliza ugali wangu wote, nimrudishe au nimlee?" na Kasmiri akicheka, kicheko chake kilekile chenye kwikwi mwishoni, kikitokea mbali, kikitokea juani, na Dorotea akataka kuitikia, akataka kupiga kelele, akataka hata kuinua kidole, lakini ulimi ulikuwa umelala na mikono imelala na macho yamekwama ukutani, kwa sababu alijua kwamba akiyashusha kidogo tu ataona kichwa cha anayenyonya, na vidole vikalishika sikio, vikalivuta, vikalivuta, bila haraka, kama mtu aliyefika kwao.

Kilipoondoka, shuka lilikuwa na chembe za udongo mbichi. Dorotea alilikung'uta nje, akalikunja, akaketi juu yake akilia.

Alifanya yote ambayo mtu angefanya. Aliosha kifua kwa majivu. Aliyatupa yale majani. Aliomba rozari mbele ya picha ya Bikira, na katekista Apolinary akaja akanyunyiza maji ya baraka mpaka chini ya uvungu. Mchana ulipofika kile kitu kilikuja kwa wakati wake, kikapita juu ya maji ya baraka, kikanyonya. Kila siku kilizidi uzito. Na Kasmiri, aliyekuwa anakula kwao na kula kwa jirani, alikonda mpaka magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Chakula alichokitia mdomoni kilikuwa kinamnenepesha mwingine, na Dorotea alilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Siku moja akaona asikae ndani. Alikwenda uwanjani kwa Wankyo mchana kweupe, watu wanapita barabarani, kuku wanaparua, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa akamsaidia kuchambua dagaa. Alijiambia kwamba kitu cha gizani hakiwezi kuja hapa. Alikuwa amesahau kwamba hakikuwahi kuja gizani.

Wankyo alikuwa anasimulia habari za shemeji yake. Akauliza jambo, hakujibiwa. Alipoinua macho akamwona Dorotea amekaa wima, mikono imekufa juu ya dagaa, machozi yanashuka bila uso kulia. Khanga yake kifuani ilikuwa inapanda na kushuka kwa mdundo mdogo. Na sikio lake la kushoto, bila mkono wowote kulishika, lilikuwa limevutika kwenda chini, ndewe imerefuka, imeachiwa, imerefuka tena.

Mwanamke yule mwenye mdomo mwepesi aliwakusanya watoto wake kimyakimya, na Kasmiri pamoja nao, akawaingiza ndani akafunga mlango. Alitoka sikio lilipotulia, akasimama mbali.

"Nenda kwenu, mama Kasmiri," alinong'ona. "Hili si la shubiri. Mimi hili siliwezi."

Kwao Dorotea ni Butiama. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua nguo chache na tawi la ule mshubiri wa mlango wa jiko, maana Kasmiri alikuwa na homa na hakukuwa na dawa nyingine. Shangazi yake, Nyangi, mdogo wa baba yake, aliwapokea kwa furaha ambayo haikudumu. Alimtazama mtoto, akamtazama Dorotea, kisha akaliona lile tawi likichungulia kwenye furushi.

"Hii umekata wapi?"

"Nyumbani, shangazi. Nyuma ya nyumba. Nilihamisha mche nikaweka karibu."

"Ulikuwa peke yake?"

"Ilikuwa mingi. Imezungushiwa mawe."

Nyangi alikaa chini. Alikuwa mwanamke wa mashamba, si mganga, na alizungumza polepole, kwa sauti ya mtu anayetaka neno liishie pale pale.

"Mwanangu, mlikua mjini mjini, hamkuambiwa. Mtoto akifa yuko bado kwenye ziwa la mama, hajaachishwa, wengine wanamzikaga nyuma ya nyumba na kumpandia mshubiri kichwani. Ni kumwachisha huko chini. Akitaka kurudi kwa mama yake, mdomo wake unakutana na uchungu, analala. Sasa wewe umemtolea. Kisha hiyohiyo shubiri yake ukaipakaa kwenye titi lenye maziwa. Amekulia kwenye uchungu huo, anaujua kuliko anavyojua jina lake. Umemwita, Dorotea. Umemwita ukamtengea na chakula."

Dorotea alimshika mtoto wake kwa mikono yote miwili.

"Nifanye nini, shangazi? Kasmiri anaisha."

"Wa kumwachisha ni mama yake tu. Mtafute."

Tawi lilichomwa kwenye jiko la Nyangi, likatoa moshi wa manjano uliowatoa machozi. Haikusaidia. Mchana ule kilimfuata hukohuko Butiama, na shangazi mtu akashuhudia sikio likivutwa, akageuza uso ukutani.

Dorotea alimfuata Masatu Bunda, ambako lori lake la pamba lilikuwa limelala karibu na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kwa kukosa matairi. Dorotea alipomsimulia alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. Hakucheka, wala hakumwita mkewe mwendawazimu, na kwa hilo tu Dorotea alimpenda upya.

"Niliambiwa kiwanja hakina kitu," alisema.

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Mzee Luhende. Alishafariki. Ila mkewe, Mbuke, yupo Guta. Nasikia walifiwaga na mtoto, hawakupataga mwingine."

Walimkuta Mbuke uani kwake, amekaa juu ya gunia, anatenganisha pamba safi na chafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele zimeanza mvi. Dorotea alimwamkia kwa kupiga goti, akaeleza yote, kuanzia nesi mpaka lile tawi. Mikono ya Mbuke iliendelea na pamba muda wote, ikasimama mahali pamoja tu.

"Anakushikaga sikio?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"La kushoto?"

"La kushoto."

Mbuke aliiweka pamba chini kwa uangalifu. "Anaitwa Mayala," alisema. "Alizaliwa mwaka wa njaa, ndo maana ya jina hilo kwetu. Sikuwa na maziwa. Alikuwa analivuta sikio langu kama anayekamua ng'ombe, anafikiri yatatoka huko. Alikufa titi liko mdomoni, hapa." Akagusa kifua chake. "Ni mzito?"

"Anazidi uzito kila siku."

"Amenenepa," alisema Mbuke.

Alilisema taratibu, na katika sauti yake mlikuwa na furaha. Dorotea aliisikia furaha hiyo. Mtu anayezama haulizi mkono uliomshika ni wa nani, naye alikuwa anazama, kwa hiyo akaisikia na kuiweka kando. Baadaye aliilaani siku hiyo mara nyingi.

"Nitakuja mwenyewe," Mbuke alisema. "Na asali nitakuja nayo. Mtoto wa kawaida unamwachisha kwa uchungu. Huyu wangu uchungu ndo maziwa yake. Tutamwachisha kwa utamu."

Alifika Bweri siku iliyofuata, na chupa ya asali ya porini amefunga kwenye kitenge. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba bila kuelekezwa. Masatu aliung'oa mche wa mlango wa jiko akaurudisha mahali pake, ndani ya duara la mawe, na Mbuke akamketisha Dorotea kando yake, akampaka asali kifuani kwa vidole vyake mwenyewe. Kasmiri alikuwa mgongoni kwa baba yake. Jua likapanda. Ziwa upande wa chini lilikuwa limetulia, na hakuna ndege aliyelia.

Kikaja. Safari hii hapakuwa na pazia la kusogea, nyasi tu ziliinama moja baada ya nyingine kutoka kwenye mawe mpaka miguuni pake, kisha uzito ukampanda, mzito sasa kama gunia lililolowa, kisha ule mdomo wa baridi ukashika, na ghafla ukaachia, na pale penye hewa tupu kikasikika kilio cha mtoto mchanga, kilio cha hasira cha aliyetapeliwa, kikamzunguka Dorotea kulia na kushoto, kikarudi kujaribu, kikaachia tena, huku Mbuke ameinama karibu kabisa, anambembeleza mwanawe kwa lugha ya kwao, maneno laini, mengi, ambayo Dorotea hakuyajua, na katikati ya maneno hayo Mbuke akauweka mkono wake juu ya tumbo la Dorotea, akaubakiza hapo, mpaka kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa kimya.

Nyasi hazikuinama kurudi kwenye mawe. Dorotea aliliona na hilo, akafikiri labda hakuangalia vizuri.

"Imekwisha," alisema Mbuke, akajifuta macho.

Na kweli mchana wa kesho yake ulipita mtupu. Na uliofuata. Kasmiri akaanza kuomba uji, kisha akaanza kuuiba. Magoti yake yalirudi kuwa magoti ya mtoto. Wankyo alirudi uwanjani na utani wake, kwanza kwa mbali, kisha mpaka jikoni. Dorotea alilala mchana bila hofu, tumbo likakua vizuri, na mtoto wa ndani akacheza kwa nguvu, hasa jua likiwa utosini.

Mpaka anajifungua, mambo yalikuwa yameanza kubadilika mjini. Maduka ya mtaa wa Mukendo yalikuwa na sabuni ya kutoka Kenya, mitumba ilitandikwa chini, na sukari ilinunuliwa na yeyote mwenye fedha, bila foleni. Masatu alikuja na furushi lake, akaweka mezani kwa majivuno, akasema mwanawe huyu hatajua shida. Mtoto alikuwa dume, zito, lenye nywele nyingi.

Lakini lilikataa titi. Liliguswa mdomo na chuchu likapinda mgongo, likalia kilio cha hasira. Dorotea alijaribu kulia na kushoto. Wankyo alikoroga maji ya sukari akamdondoshea ulimini, mtoto akayatema yote. Nesi alisema wengine huchelewa, wavumilie. Siku ya pili ikapita, midomo ikaanza kukauka, ule uzito mzuri ukaanza kulegea, na lile neno la kuzika likarudi kooni kwa Dorotea likakaa palepale pake.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, mtu alibisha hodi. Ilikuwa Mbuke. Hakuna aliyempelekea habari. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na mkononi ameshika jani la mshubiri, bichi, limekatwa sasa hivi nyuma ya nyumba, utomvu unamdondoka.

"Amekataa kunyonya," alisema. Haikuwa swali.

Dorotea alimtazama, na pale pale alielewa yote, ile furaha ya Guta, ule mkono juu ya tumbo lake, zile nyasi ambazo hazikuinama kurudi. Angeweza kumfukuza. Alimtazama mtoto mapajani mwake, pua ya Masatu, kidevu cha baba yake mwenyewe, midomo iliyopasuka, akifa kwa njaa kwa mara ya pili. Maziwa yakamshuka bila kuombwa, yakalowesha blauzi.

"Si ungeniomba, mama," alisema Dorotea kwa sauti ndogo. "Si ungeniambia."

"Ungekubali?"

Dorotea alifungua vifungo vya blauzi. Mbuke alipiga magoti mbele yake, akalipasua jani, akalipaka titi kwa utaratibu, mpaka likawa la manjano. Mtoto alisikia ile harufu, akanyamaza. Akageuza kichwa mwenyewe, akafungua mdomo, akashika, akanyonya kwa mikupuo mirefu, macho yamefumba kwa raha.

Kasmiri alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia. Alitazama kidogo, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," alisema, "huyu ndo yule."

Mkono wa yule mchanga, wa siku tatu duniani, ulikuwa umetoka kwenye khanga. Ulipanda polepole kifuani kwa mama yake, ukapita shingoni, ukapapasa shavu la kushoto, ukalipata sikio.

"Mwache avute," Mbuke alisema, machozi yanamshuka. "Alikuwaga hivyohivyo."

Kesho yake alfajiri, kabla mtoto hajaamka na njaa, Dorotea alichukua kisu mwenyewe, akaenda nyuma ya nyumba kukata jani.